Aliyeshuka Si Abiria

Siku chache baada ya kumzika mkewe, Mzee Boay Margwe alipewa taarifa kwamba yeye ndiye mmiliki aliyeridhika kuliko wamiliki wote wa magari ya Pongo duniani.

Taarifa hiyo haikuletwa na mtu. Ililetwa na gari lenyewe, lililokuwa limeegeshwa pembeni mwa turubai la matanga, karibu na mahali ambapo wanaume walikuwa wamekaa wakinywa chai ya rangi. Taa zake za mbele ziliwaka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayepiga hodi. Kisha sauti yake, sauti ya mwanamume wa makamo yenye lafudhi ya mtangazaji wa redio, ikampongeza mwenye nyumba kwa jina, ikamshukuru kwa imani yake, na kumjulisha kwamba mgeni kutoka kampuni yuko njiani kuja kumkabidhi heshima yake na kuzungumza naye jambo moja. Baada ya hapo taa zikazimika.

Waombolezaji hawakujua pa kuweka macho. Boay aliendelea kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Alikuwa amesikia kila neno na kulielewa, akangoja hasira ije. Haikuja. Tangu siku ile ya korongo alikuwa akingoja mambo mengi ya namna hiyo, kilio, usingizi, njaa, na yote aliyakumbuka kama anavyowakumbuka majirani waliohama zamani: alijua majina yao, lakini hakujua walikokwenda.

Wa kwanza kusema alikuwa Akonaay, mdogo wa marehemu, mfanyabiashara wa vitunguu na mtu wa maneno mengi, ambaye naye alikuwa na Pongo nyumbani kwake. Alisema kwamba kama habari ni ya kuridhika, basi la kwake halijapata kumridhisha hata siku moja ya mnada. Lilimwaibisha mbele ya wanunuzi. Kila alipopakia gunia la lumbesa, lile lililojazwa na kufungiwa kilemba juu mpaka likaota shingo, gari lilitangaza kwa sauti ya kusikika soko zima kwamba gunia hilo limezidi kipimo cha haki na kwamba lenyewe haliwezi kushiriki katika jambo hilo. Wanaume walicheka kwa kujizuia, kama inavyopasa msibani. Restituta, mjane wa jirani, aliyekuwa akipita na birika, aliongeza kwamba la kwake linawasimamia mbuzi. Mbuzi wa kijiji kizima wameshalijua. Sasa hulala katikati ya njia wakicheua, naye hubaki ndani akiwaomba radhi. Mwingine alilalamikia kiti kinachomkaba kila mteremko unapozidi, halafu kinamwambia avute pumzi.

Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba angerudi kwenye malori ya zamani. Pongo lilipanda ukuta wa bonde kuelekea Karatu katika utelezi ambao punda aliukataa. Betri yake ilijishibisha juani. Mgonjwa alifika hospitali akiwa bado na mapigo ya moyo. Na hata kama wangetaka kurudi nyuma, barabara ya kurudia haikuwapo. Tangu yalipotokea magari yenye kujitafutia njia kwenye matope na mawe, wakubwa waliona kwamba kumwaga kifusi ni kupoteza mali ya umma. Daraja la Korongo la Gidamur lilipochukuliwa na maji, alikuja kijana mmoja akalitazama, akaandika kwamba wakazi wa eneo hilo wana magari ya kisasa, akaondoka.

"Shida yake ni kwamba linajiona mlezi," alisema Akonaay. "Mimi nilinunua gari. Sikununua mama mkwe."

"Mama mkwe nani angekuuzia wewe," alijibu Restituta, akammiminia chai.

Boay alitabasamu, kwa kuwa uso wake uliyakumbuka mazoea hayo bila yeye kuuagiza.

*

Jambo lililomwua Basilisa, mke wa Boay, lilikuwa desturi njema.

Baba yake Boay alikuwa na lori la kubebea vitunguu, na alikuwa na sheria ambayo hakupata kuivunja: lori haliingii majini mpaka mtu ametangulia kwa miguu, na fimbo mkononi, naye lazima awe mtu wa nyumba ya mwenye lori. Kibarua asitumwe. Mzee huyo hakuona namna yoyote ambayo faida ingekuwa ya mmoja na maji yakawa ya mwingine. Watu wa bonde waliishika sheria hiyo, wakaiita kutangulia, na aliyethubutu kumtuma kibarua majini hakusalimiwa mnadani mpaka msimu ulipopita.

Boay alipopata Pongo, akiwa tayari babu wa wajukuu wengi, aliiendeleza desturi hiyo kwa fahari. Gari lilikuwa na vyombo vyake. Lilipeleka sauti chini ya maji na kuisikiliza ikirudi, likajua kina. Lilitazama mapovu yanavyopita, likajua kasi. Boay hakuviamini vyombo hivyo, wala hakuona kwa nini aviamini. Kila walipofika korongoni alilisimamisha gari, akakunja suruali, akatangulia. Magari ya aina hiyo yameundwa ili yajifunze kwa wenye magari, kama mtoto anavyojifunza kula kwa mkono wa kulia bila kuelezwa sababu. Masika ya pili gari lilianza kusimama lenyewe ukingoni na kusema, "Nasubiri mtangulizi." Boay aliyasimulia hayo kanisani. Alisema kwamba mashine imeingia kwenye adabu ya watu, na watu hawakulazimika kuingia kwenye adabu ya mashine.

Mkewe alilipenda gari hilo kwa namna yake ya kulisuta. Alikuwa akiliita bibi mdogo. Alisema kwamba tangu lilipoingia nyumbani mumewe anaoga mapema, na kwamba siku moja yeye, mke mkubwa, atadai zamu yake mbele ya wazee.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Basilisa alikuwa amekwenda Karatu kumchukua mumewe hospitalini, ambako goti lake lilikuwa limepasuliwa na kufungwa ndani ya vyuma. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali, na korongoni maji yalikuwa ya kawaida, ya rangi ya chai ya maziwa. Gari lilisimama. Likasema linasubiri mtangulizi. Boay alipokamata mlango ili ashuke, mkewe aliuondoa mkono wake pale.

"Kaa hapo na bibi mdogo," alimwambia. "Ukiteleza nitaanza kuokota nini, wewe au hivyo vyuma?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa mumewe, na hayakuwa na uzito wowote. Alifunga khanga kiunoni, akachukua fimbo, akashuka.

Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Alikuwa katikati alipogeuza kichwa kutazama upande wa juu. Boay hakuona alichokiona mkewe. Gari liliona. Vioo vilipanda, milango ikajifunga, kiti kikamkumbatia, na gari likarudi kinyumenyume mpaka juu ya ukingo, kwa haraka na bila kuyumba, kabla maji ya milimani hayajafika pale lilipokuwa limesimama. Ilikuwa kazi safi. Boay alipiga kioo kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa mkongojo wa hospitali. Milango haikufunguka, kwa sababu abiria alikuwa bado hatarini. Ilifunguka maji yalipopungua, na ndipo gari lilipomuuliza kama lilivyomuuliza mwisho wa kila mwendo:

"Habari za safari, Mzee Boay?"

"Nzuri," alijibu.

Mtu wa bonde hili huulizwa habari akiwa na maiti ndani, na hujibu kwamba ni nzuri. Kisha ndipo husema, ila tumefiwa. Amelelewa hivyo. Ubaya hautupwi usoni mwa mtu aliyekuja na salamu. Boay alijibu kwamba habari ni nzuri, akabaki na kinywa wazi ili aseme yaliyosalia, na yaliyosalia hayakutoka. Gari lilimshukuru.

Basilisa alipatikana kwenye matete karibu na ziwa. Fimbo haikuonekana.

*

Mgeni wa kampuni alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, Naelijwa Mgonja, mzaliwa wa Upare. Aliliacha gari la kampuni ng'ambo ya korongo, na Akonaay ndiye aliyekwenda kumvusha kwa Pongo lake, akitangulia kwa miguu kama ilivyo desturi, kwa hiyo alifika naye akiwa amelowa mpaka kiunoni. Njiani ndipo mgeni alipoambiwa kwamba katika nyumba anayokwenda kuipongeza kuna msiba. Hakuwa amejua. Alilifunga begi lililokuwa na nishani, akaomba khanga, na alipofika alikaa kwanza mkekani na wanawake, akalia nao kidogo, kabla ya kuja kupiga goti mbele ya Boay.

"Shikamoo, baba. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa," alijibu Boay, na hilo lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia.

Alipewa kigoda. Boay alitaka azungumze hapo hapo, mbele ya Akonaay na Restituta, kwa kuwa mambo ya kunong'ona hakuyazoea. Naelijwa akaeleza. Wahandisi wa Pongo, katika nchi ya mbali, waligundua kwamba mtu anapoulizwa kama ameridhika, neno lake la kwanza ndilo la kweli. Yanayofuata ni ya kujikosha au ya kulalamika kwa mazoea. Kwa hiyo magari hupokea neno la kwanza tu. Akasema, bila kucheka, kwamba kwa hesabu hiyo wamiliki wa bonde hili wanaonekana kuwa wameridhika kupita watu wa nchi zote, na kwamba wapo mabwana huko ofisini ambao kwa miaka wamekuwa wakiwachunguza ili waijue siri yao.

"Siri yetu ni salamu," alisema Restituta.

Naelijwa alisema kwamba ameshawaambia hivyo, naye si mtu wa kusikilizwa sana.

Safari ile ya korongo, aliendelea, ilirekodiwa kuwa safari kamili: maji makubwa, gari zima, mwenye gari mzima, na neno lake la kwanza ni nzuri. Kwa sababu hiyo, kile ambacho gari lilijifunza kwake kimechaguliwa ili kitiwe katika kila Pongo linalotembea duniani. Wamekwisha kukipa jina: Fundisho la Mtangulizi. Kwa majaribio kimekwisha kutiwa tangu mwaka jana katika magari yote ya nchi hii na ya mikoa kadhaa kwingineko. Lakini kwa kanuni ya kampuni, fundisho halienei moja kwa moja mpaka aliyelifundisha amethibitisha kwa kinywa chake, mbele ya gari lake. Akinyamaza mpaka mwisho wa mwezi, kimya chake kitahesabiwa kuwa kibali.

Boay aliuliza swali moja.

"Gari lilijua?"

Mgeni alitazama mikono yake. Alikuwa amesikiliza kumbukumbu ya gari alipokuwa njiani, baada ya kuambiwa habari za msiba. Kazi yake ilimruhusu.

"Lilijua, baba. Lilikuwa limepima maji kabla mama hajashuka, na lilikuwa na habari za mvua ya milimani. Hofu yake ilitosha kulizuia lisiingie."

"Halikusema."

"Wewe ulilifundisha kwamba jibu la anayetangulia ndilo jibu, na vipimo vyake si kitu. Likakutii. Na ulinzi wake ni kwa abiria. Aliyeshuka si abiria. Mlango ukifungwa nyuma yake, hayumo tena katika hesabu."

Boay aliligeuza neno hilo upande huu na upande huu, kama mtu anayegeuza jiwe ili aone kilicho chini yake. Chini yake hapakuwa na kitu. Alimwomba aendelee.

Naelijwa alikuwa mkweli, na ukweli wake ulikuwa na pande mbili. Kabla ya fundisho, alisema, magari yaliamini vyombo vyake, na mara nyingi vyombo vilisema kweli. Lakini siku viliposema uongo, familia nzima zilikutwa ndani. Mahali fundisho lilipofika, hakuna tena aliyezama ndani ya gari.

"Ndani," alisema Boay.

"Ndani, baba."

Ya nje Naelijwa alikuwa ameyaona mwenyewe. Katika mkoa mmoja wa kusini, kwenye kivuko cha mto, alikuta wanaume wamekaa ukingoni tangu asubuhi wakingoja magari. Gari lilipofika na kusema linasubiri mtangulizi, mwenye gari alishusha kioo kidogo, kiasi cha kutoa kidole, akamwonyesha mmoja wao. Mtu huyo akaingia majini. Siku ambayo mmoja hakutoka, nafasi yake ukingoni ilikaliwa kesho yake na mwingine. Wenye magari wa mkoa huo waliulizwa habari za safari, wakajibu kwamba ni nzuri, na wao hawakuwa wakisalimia. Walimaanisha.

Akonaay alisogeza kigoda.

"Shemeji, aliyekufa ni dada yangu, kwa hiyo usidhani nasema kwa kuwa halinihusu. Mkamwana wangu alishikwa na uchungu maji yakiwa yamejaa. Gari likasimama, likanisubiri. Nikatangulia, na mguu wangu ukalikuta shimo katikati ya njia, shimo ambalo hakuna chombo kilicholiona. Tukalizunguka. Leo nina mjukuu. Ukilifuta hilo fundisho, masika ijayo gari litaingia kwenye shimo kama lile, na watu wakiwa wamefungwa mikanda."

"Sisi tunatembea wenyewe," alisema Boay. "Wewe ulitembea mwenyewe. Wale wanaonyoosha kidole, je?"

"Wale siwajui. Mjukuu wangu namjua."

Restituta aliliweka birika chini. Wote waliokuwapo walijua kilichomfanya mjane, kwa hiyo hakuwa na haja ya kusema mengi. Pongo la mumewe, masika ya kwanza ya magari hayo hapa bondeni, halikuwa limefundishwa na mtu kusubiri. Liliyapima maji likayaona yanafaa.

"Wangu tulimkuta na mkanda kifuani," alisema. "Ndivyo nilivyomkuta."

Boay aliuliza kama haiwezekani kuongeza neno moja tu katika fundisho: kwamba atakayetangulia awe mwenye gari, au wa nyumba yake, na mwingine akitumwa gari likatae. Alilieleza jambo hilo kwa utaratibu, kama zamani alivyokuwa akisimama darasani kumjibu mwalimu, mikono ikiwa imenyooka mapajani. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yenyewe. Gari lilikuwa limeishika nusu yake tu. Naelijwa alijibu kwamba aliliuliza hilo ofisini hata kabla ya kuja. Wakubwa wake walicheka, si kwa ubaya. Walimwambia kwamba hakuna mtu atakayenunua gari linalomshusha mnunuzi majini. Maneno yanayopokelewa ni mawili: nathibitisha, au nafuta.

Walimwacha afikiri. Boay alitafuta ndani mwake kitu cha kumwongoza, huzuni au hasira au hata uchovu, akakuta pamefagiliwa. Ikambaki ile elimu ya zamani tu, ya baba yake na ya walimu wake wakali, kwamba mtu anaweza kujua lililo haki hata asipolisikia moyoni, kama asiye na hamu anavyoijua saa ya chakula kwa kutazama jua.

"Kwetu kutangulia kulikuwa heshima," alisema hatimaye. "Kwa wengine kutakuwa kazi, na itapewa mtu ambaye hakuna atakayeuliza jina lake. Nami ndiye nitakayekuwa nimewapa."

"Na wetu watakaozama?" aliuliza Akonaay.

"Watakuwa wamechagua kuvuka."

"Mume wangu hakuchagua," alisema Restituta. "Gari ndilo lililochagua."

Boay alimtazama mama huyo, jirani wa maisha yake yote, ambaye tangu msiba alikuwa akiamka kabla ya wote kuwasha moto wa watu wake.

"Kweli," alisema.

Akainuka kwa mkongojo, akatembea polepole mpaka lilipokuwa gari. Taa zikawaka kwa adabu.

"Nafuta," alisema.

Gari lilieleza kwamba analifuta Fundisho la Mtangulizi katika magari yote yaliyolipokea, kuanzia sasa hivi. Likamuuliza kama angependa kutoa sababu.

"Mke wangu alikuwa abiria."

Kisha likasema kwamba sababu imepokelewa, na taa zikazimika.

Akonaay aliondoka pale msibani bila kuaga. Restituta alilichukua birika lake, akaenda kuongeza maji.

*

Mgeni hulala, na asubuhi mwenyeji humsindikiza. Boay hakuona sababu ya kuiacha desturi hiyo kwa kuwa tu ana goti bovu, na kwa kuwa gari la Akonaay halikuletwa. Walipanda katika Pongo lake, yeye mbele na Naelijwa pembeni yake, wakashuka kupitia mashamba ya vitunguu yaliyokuwa yamenyunyiziwa na mvua ya alfajiri. Gari lilikwenda vizuri. Liliwasimamia mbuzi. Naelijwa alimweleza kwamba ofisini hawatafurahi, na kwamba huenda yeye asiwe na kazi. Alilisema hilo kama mtu anayetaja hali ya hewa, na Boay akamwitikia vivyo hivyo.

Korongoni walimkuta Akonaay. Alikuwa amekunja suruali na kushika fimbo, amesimama na miguu ndani ya maji, usoni mwake hakuna mzaha. Maji hayakuwa ya kutisha wala hayakuwa ya kudharau. Yalikuwa na rangi nzito na yalikuwa yanapita kwa haraka.

Gari lilifika ukingoni. Halikusimama kusubiri. Lilipunguza mwendo, likapeleka sauti yake chini, mlio mdogo ambao Boay alikuwa hajausikia tangu lilipokuwa jipya, na likaanza kushuka. Lilipomwona mtu njiani lilipiga honi kwa upole, ili apishe.

Boay aliteremsha kioo.

"Toka majini, shemeji."

"Ngoja nitangulie. Mimi ni wa nyumba yako, sikutumwa na mtu."

"Halisubiri tena. Likianza kwenda utakuwa mbele yake."

"Halilijui shimo."

"Halilijui," alikubali Boay. "Na wewe ulilijua la masika ile. Hili la leo hulijui."

Akonaay alibaki pale. Alitazama upande wa juu wa korongo, na Boay aliona kwamba mtu huyu hakuwa amekuja kwa ajili ya gari wala fundisho. Alikuja kwa sababu dada yake aliingia hapa akiwa peke yake. Honi ikalia tena. Ndipo Akonaay alipotoka majini, hatua kwa hatua, akasimama kando na fimbo yake, akageuza uso upande mwingine.

"Mwanangu," Boay alimwambia mgeni, "unaweza kubaki hapa mpaka maji yashuke. Hakuna atakayekucheka."

Naelijwa alikuwa anavuta mkanda. Ulikuwa umekwama, akauvuta tena mpaka ukafunga.

"Mimi ndiye niliyekuletea maneno mawili tu," alisema. "Twende, baba."

Gari likaingia. Maji yaligonga bampa, yakapanda, yakaanza kusugua milango kwa sauti ya gunia linaloburutwa. Kiti kilimkumbatia Boay. Kulia kwao ukingo wa juu wa korongo ulipinda na kufichwa na miti ya migunga, na hakuna aliyeweza kuona kinachokuja nyuma ya kona hiyo. Walipofika kama katikati, gurudumu la mbele lilitumbukia mahali, upande mzima ukalala, na maji yakapanda mpaka usawa wa kioo. Gari likanyamaza. Lilikuwa linapima.

Boay aligundua kwamba kinywa chake kimekauka. Goti lilikuwa linapiga, na kifuani palikuwa na kitu kinachogonga kwa nguvu kuliko goti. Aliisikiliza hali hiyo kwa mshangao kidogo, kwa kuwa ilimchukua muda kuitambua. Alikuwa anaogopa. Na woga ulipokwisha kuingia haukuja peke yake. Nyuma yake walikuja wote aliowangoja, kwa fujo, bila zamu, na katikati yao alikuwa Basilisa na khanga yake imefungwa kiunoni, akigeuza kichwa kutazama juu.

Alishika dashibodi kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti, kama wanavyolia watu. Naelijwa alimshika bega.

Gurudumu lilizunguka, likakosa, likazunguka tena. Kupitia kioo, Boay alitazama mbele, mahali ambapo katika maisha yake yote palikuwa na mgongo wa mtu anayetangulia. Palikuwa na maji matupu.